Vuli, matope na baiskeli begani

Wadau, kijiwe kilikuwa kimya kidogo, samahanini. Kazi za gazeti mnazijua. Leo nimerudi na jambo ambalo kwenye ukurasa wa michezo lisingepata hata aya mbili, maana aya mbili hizo zingeliwa na majeruhi wa Simba au usajili wa Yanga.

Mvua za vuli zikishika Vingunguti, baiskeli hugeuka mzigo. Ukitoka Barabara ya Nyerere (wazee wetu bado wanasema Pugu Road) ukaingia ndani, ukapita upande wa machinjio na kuteremka kuelekea bonde la Msimbazi, njia inakuwa kama uji. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na mwenye baiskeli hana budi kuitia mkono katikati ya fremu, kuitundika begani na kutembea. Jana ilikuwa inambeba, leo anaibeba yeye. Nimeliona hilo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kudhani kuna mahali duniani watu wanafanya hivyo kwa makusudi, wamevaa namba mgongoni, huku maelfu wakilipa kiingilio kuwatazama.

Mahali hapo papo. Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi, na msimu wake, msicheke, ni wa vuli. Unaanza Septemba kule Ulaya majani yanapodondoka, unakolea Desemba kwenye baridi na tope, na unamalizika Februari. Wanazunguka kiwanja cha nyasi, mchanga na matope chenye urefu wa kama kilomita tatu hivi, tena na tena, kwa muda wa karibu saa moja. Njiani kuna ngazi, kuna vilima vya kuteleza na kuna mbao zimesimamishwa kwa urefu usiozidi sentimita 40 ili mtu ashuke, aitundike baiskeli begani, aruke, apande tena bila kupoteza mwendo. Tairi lisizidi upana wa milimita 33. Ukiangalia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni watu waliopotea njia wakielekea kazini.

Chanzo chake ni cha kawaida kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 waendesha baiskeli wa Ufaransa walikuwa wanatafuta namna ya kujiweka sawa wakati wa baridi, wakawa wanakimbizana kutoka mji hadi mji kwa kukata mashambani, kuruka uzio na kubeba baiskeli kwenye mitaro. Askari mmoja wa kawaida, Daniel Gousseau, ndiye anayetajwa kuandaa mashindano ya kwanza ya taifa ya Ufaransa mwaka 1902. Mwaka 1910 Octave Lapize alishinda Tour de France na akasema mazoezi hayo ya matope yalimsaidia. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Jean Robic, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameshinda Tour de France. Baadaye Wabelgiji wakauchukua mchezo na kuufanya wao, kama sisi tulivyofanya na bao. Wao wanaujaza uwanja kwa ajili ya kuona mtu akianguka kwenye tope, na bia mkononi.

Kitu kimoja kilichonivutia: kwa zaidi ya miaka 60 mashindano ya dunia hayakutoka Ulaya. Yalipotoka kwa mara ya kwanza, mwaka 2013, yalikwenda Louisville, Marekani, na mto ukafurika. Ratiba ya siku mbili ikabanwa ikawa ya siku moja, Februari 2, ili wamalize kabla maji hayajafunika uwanja. Nilipolisoma hilo nikasema hawa ni ndugu zetu. Mkazi wa Vingunguti, Buguruni au Jangwani hahitaji kuelezwa maana ya kuwahi kabla Msimbazi haujapanda.

Swali basi. Matope tunayo, vuli tunayo, na baiskeli begani tumebeba tangu enzi za babu. Mbona timu za mchezo wa baiskeli Dar zinahesabika kwa vidole, na ya saiklokrosi sijaona hata moja?

Jibu rahisi ni umaskini. Mimi silikubali lote. Asmara si mji tajiri kuliko Dar es Salaam, lakini Eritrea imemtoa Daniel Teklehaimanot, aliyevaa fulana ya mfalme wa milima kwenye Tour de France mwaka 2015, na imemtoa Biniam Girmay, aliyeshinda Gent–Wevelgem na hatua moja ya Giro d'Italia mwaka 2022, kisha akashinda hatua tatu na fulana ya kijani ya Tour de France mwaka 2024. Hiyo haikutoka kwenye pesa. Waitaliano walipotawala Eritrea walikuja na mashindano yao ya baiskeli miaka ya 1930, na mwanzoni wakawazuia wenyeji kushiriki. Watu wa Asmara walikaa pembeni ya barabara wakitazama, wakajifunza, halafu wakadai nafasi. Mwaka 1946 kulikuwa tayari na Giro yao wenyewe. Yaani ukoloni uliwaachia baiskeli ikiwa na maana mbili: chombo cha kazi na chombo cha mashindano.

Kwetu Mjerumani na baadaye Mwingereza walituachia maana moja tu. Baiskeli ya Tanganyika ilikuwa ya karani, ya katekista, ya mwalimu, ya bwana shamba, ya mfanyabiashara wa Kihindi. Raleigh nyeusi, nzito, yenye kengele na keria, iliyotengenezwa Nottingham, ilikuwa ni cheo. Kijana akiinunua baada ya kuuza pamba au kahawa, kijiji kizima kinajua. Nani angeichukua mali kama hiyo akaishindanishe kwenye matope?

Baada ya uhuru ikaja Swala. Wale wa umri wangu tumeisikia kwa wazazi: baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, kwenye zama za mashirika ya umma. Nakiri kwamba jina lile linanipendeza kuliko baiskeli yenyewe. Swala ni mnyama wa mbio, lakini baiskeli ilikuwa ya kubeba gunia. Milango ya biashara ilipofunguliwa baada ya 1985, soko likajaa Phoenix ya China na Hero ya India, na baadaye baiskeli za mtumba kutoka Japani. Swala akabaki kwenye kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kukaa chini akasema tutengeneze hata kumi zenye usukani wa kuinama, vijana wakimbizane Jumapili.

Si kwamba mbio hazikuwapo kabisa. Mwanza na Shinyanga ni habari nyingine. Kule Usukumani baiskeli ni mila, na mashindano ya Mwanza yaliyodhaminiwa na Vodacom kwenye miaka ya 2000 yalikuwa na mbio za wanaume, za wanawake na za walemavu, watu wakijipanga barabarani kama wanamsubiri rais. Wengi walishindana kwa baiskeli zile zile za kazi, wakiwa wametoa keria na madigadi ili kupunguza uzito. Nasema hivi kwa heshima: huyo mtu aliyemaliza masaa kadhaa barabarani kwa Phoenix ana mapafu ambayo Mbelgiji angeyalipia.

Kenya ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi mahali mambo yanapokwama, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa kidogo.

Kikuyu, nje ya Nairobi, kwenye kijiji cha Mai-a-Ihii, kuna mtu anaitwa David Kinjah. Rasta, fundi, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya. Nyumba yake aliigeuza kambi ya vijana, timu ikaitwa Safari Simbaz. Wanalala pale, wanatengeneza baiskeli pale, wanapika pale. Kati ya waliopitia mikononi mwake alikuwamo mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye mama yake alimpeleka kwa Kinjah akiwa bado mdogo. Akawa anakimbizana na vijana wa kijijini kwenye vumbi na vijia vya mashamba. Hiyo ilikuwa saiklokrosi bila jina.

Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mwaka huo huo akaenda Salzburg, Austria, kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23, akiwa Mkenya peke yake. Namna alivyojiandikisha ameieleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 2014: aliingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akajiandikia kama vile ni chama kinachomwombea nafasi. Alipoanza mbio, sekunde chache tu, akamgonga mwamuzi wakaanguka wote wawili. Watu wanakisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi kinaniuma. Kijana mwenye kipaji cha kushinda Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017) alilazimika kujifanya katibu wa chama ili apate namba ya mgongoni. Na alikuwa na pasipoti nyingine mfukoni. Mwaka 2008 akahamia kwenye leseni ya Uingereza, na Kenya ikabaki na hadithi ya kusema "tulimlea sisi".

Wale wenzake wa Mai-a-Ihii hawakuwa na pasipoti ya pili.

Mwaka huo huo wa 2008, Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kwenye mlima wa Alpe d'Huez, uliokuwa ukiamua Tour de France miaka mingi. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi yenye wakimbiaji kama wa Eldoret haiwezi kukosa waendesha baiskeli, akawa anawatafuta kwa watu wa kawaida wanaohangaikia mkate mitaani. Zakayo Nderi aliupanda mlima ule kwa dakika 42 na ushei. Wanaoujua mlima huo wanaelewa kuwa huo si muda wa mtalii. Kutoka hapo ikazaliwa timu ya Kenyan Riders, kambi Iten.

Kwenye kundi la Kenyan Riders ndipo tunapokutana na Suleiman Kangangi. Huyu ndiye aliyenifanya niandike. Alikwenda mbali zaidi kuliko wengi: akaingia timu ya Bike Aid ya Ujerumani, na mwaka 2017 akamaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda. Wakati wengine wangetulia na kushukuru, yeye akaanza kuuliza kwa nini Mwafrika lazima apande ndege ndipo ashindane. Viza inakataliwa, tiketi ni ghali, ukifika umechoka, unashindana na watu waliolala kwao. Akiwa nahodha wa Team Amani, na mwanasheria Mikel Delagrange akiwa upande wa uongozi, wakaleta mbio huku. Juni 2021 ikafanyika Migration Gravel Race, siku nne kwenye njia za changarawe na tope za Maasai Mara. Wazungu ndio waliopanda ndege safari hii.

Changarawe si saiklokrosi, najua wataalamu mtanisahihisha. Ni binamu. Tairi ni pana zaidi, njia ni ndefu, ila baiskeli zinafanana na tope ni lile lile, na kuna mahali unashuka na kuibeba. Jambo muhimu kwangu ni kwamba kwa mara ya kwanza njia mbovu ya Afrika Mashariki ilihesabiwa kuwa uwanja wa mchezo, sio aibu ya halmashauri.

Agosti 27, 2022, Kangangi alikuwa Vermont, Marekani, kwenye mbio za Vermont Overland. Akaanguka kwenye mteremko akiwa kwenye mwendo mkali, akafariki. Alikuwa na miaka 33, ameacha mke na watoto watatu. Miaka minane kabla, Novemba 2014, mwenzao John Njoroge wa Kenyan Riders alifia kwenye mbio huko Ufilipino. Nilikuwa zamu siku ile habari ya Kangangi ilipoingia. Nikaipeleka kwa mhariri wa zamu, akaniuliza, "Ni mchezaji wa timu gani?" Nikamwambia ni mwendesha baiskeli. Akasema weka chini kabisa kama nafasi ikibaki. Haikubaki.

Sasa tazameni Rwanda. Mwaka 2007, miaka 13 baada ya mauaji ya kimbari, ikaanzishwa Team Rwanda chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza kaka zake sita mwaka 1994, akabeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London 2012 na kushindana mbio za baiskeli za milimani. Alimaliza wa 39, na nyumbani alipokewa kama bingwa. Tour du Rwanda, iliyoanza 1988 kama mashindano ya ndani, ikawa ya kimataifa mwaka 2009. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, kwa mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, walioanza walizidi 160, waliomaliza walikuwa 30. Tadej Pogačar alishinda. Picha nilizozirudia mara nyingi ni za wale watu kwenye vilima, wameketi kwenye kingo za barabara na miavuli yao, wakishangilia mpaka wa mwisho kabisa.

Kutoka Kigali hadi mpakani Rusumo ni safari ya saa chache tu. Sisi ni majirani wa jambo hilo.

Turudi Vingunguti. Hoja yangu ni hii, na mnaweza kuipinga. Mbio za barabarani Dar ni ngumu. Unahitaji polisi, unahitaji kufunga Barabara ya Nyerere, unahitaji malori ya bandarini yasubiri, na hata ukipewa kibali, daladala moja linaweza kukumalizia timu. Waulizeni UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar, wamepiga kelele miaka mingi kuhusu watu wanaogongwa wakiwa njiani kwenda kazini. Saiklokrosi haihitaji barabara. Inahitaji kiwanja cha kilomita tatu za kuzunguka, kamba, mbao chache, na saa moja. Watazamaji wanasimama sehemu moja na wanawaona wapiganaji kila baada ya dakika saba au nane. Kwa watu waliozoea mechi za ndondo, hiyo ndiyo burudani inayoeleweka.

Ulaya, kweli, wameufanya kuwa ghali. Mtu mkubwa ana baiskeli mbili au tatu. Akipita kwenye kituo anatupa iliyojaa tope na kuchukua safi, fundi anaiosha kwa pampu ya maji wakati yeye anamaliza nusu mzunguko. Kwetu baiskeli moja inaweza kuwa ya baba asubuhi, ya mtoto mchana na ya kaka jioni. Lakini akina Gousseau hawakuwa na pampu. Na mafundi tunao. Fundi wa chini ya mwembe anayenyoosha gurudumu kwa jicho, anayebadilisha spoki na kuziba pancha kwa kipande cha tyubu kuukuu wakati mteja anakunywa kahawa, ni fundi wa timu ambaye bado hajapewa timu.

Tusichonacho ni kiwanja. Hapo ndipo ninapokwama. Vile viwanja vya wazi tulivyochezea chandimu vimekwisha: kimoja kimekuwa gereji, kingine fremu za maduka, kingine kina ukuta na geti jeusi. Iliyobaki ni kingo za Msimbazi, na kingo hizo zina historia yake. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 hapa jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ile nayo ilikuwa vuli. Siwezi kuandika kwa furaha kuhusu matope ya bonde hilo na kusahau waliozikwa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza Bonde la Msimbazi: kuchimba mto, kujenga daraja la Jangwani, kuwahamisha watu kwa fidia, na sehemu ya chini kuigeuza bustani ya jiji. Kwenye bustani wataweka njia za kutembea, bila shaka na mabenchi. Kama kuna mdau humu anayemfahamu mtu anayechora ramani hizo, namwomba amfikishie neno: kilomita tatu za nyasi, zinazoruhusiwa kulowa.

Halafu ombi la pili. Natafuta picha za zamani za mashindano ya baiskeli hapa Dar, miaka ya 1960 mpaka 1980, ziwe za Uwanja wa Taifa, za Sabasaba au za mtaani. Kama mzee wako alikuwa na Swala na aliwahi kukimbizana nayo, muulize jioni hii, mpige picha akiwa ameishika kama bado ipo, halafu unitumie. Nitaiweka hapa pamoja na jina lake, akiridhia.